Kwa nini niliiacha ile mpya iende Nairobi

Lenzi ndiyo iliyotangulia. Kamera mbili za filamu, ya zamani na mpya yake, zilikuja baadaye sana.

Baba alikuwa na studio Ngamiani, hapa Tanga: chumba kimoja cha mbele, pazia lililochorwa ziwa na milima, kiti cha mbao na taa mbili. Alipoifunga mwaka 2009, ile kamera yake kubwa ya mbao ilikuwa imeshaliwa na mchwa kuanzia miguuni hadi kwenye kitako. Kilichobaki ni lenzi, ameifunga kwa kipande cha kanga na kuiweka kwenye kabati lake la balbu. Wapiga picha wa zamani wa pwani watalikumbuka kabati la namna hiyo. Ndani unawasha balbu ndogo usiku na mchana ili joto lake lifukuze unyevu, la sivyo kuvu inatambaa kwenye vioo kama mizizi. Kwa sababu ya balbu ile, lenzi ya Baba ni safi mpaka leo.

Ni Tessar ya Carl Zeiss Jena, urefu wa fokasi sentimita 21, uwazi f/4.5 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). Muundo huo ulibuniwa na Paul Rudolph mwaka 1902, vioo vinne tu, na mpaka leo sijaona lenzi inayonipendezea uso wa mtu mzima kuliko hii. Tatizo lake ni moja: haina shata, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga. Shata ilikuwa mkono wa Baba. Anavua kifuniko, anahesabu kimoyomoyo, anarudisha kifuniko. Ndiyo maana kwenye picha zake nyingi watu wamekaza shingo. Walikuwa wanasubiri hesabu iishe.

Nilitaka lenzi ile ifanye kazi tena. Nimepiga picha za harusi na za pasipoti kwa dijitali miaka kumi na mbili, nalishukuru soko limenilisha, lakini kila nilipofungua lile kabati nilihisi nina deni.

Wanaoijua filamu ya karatasi, yaani inayokuja vipande vipande badala ya mkanda, inchi 4 kwa 5, watakuambia kwamba lenzi isiyo na shata inataka kamera yenye shata yake yenyewe, na jina linalotajwa kwanza ni Speed Graphic. Ilitengenezwa Rochester, jimbo la New York, kuanzia 1912 na ikaendelea miongo mingi. Waandishi wa habari wa Marekani waliibeba kila mahali. Joe Rosenthal alikuwa nayo Iwo Jima mwaka 1945 alipowapiga picha wale wanajeshi wakisimamisha bendera. Ndani yake, karibu kabisa na filamu, kuna pazia la kitambaa lenye mianya. Ukibonyeza, pazia linashuka na mwanya unapita mbele ya filamu kutoka juu kwenda chini. Lenzi mbele inaweza kuwa kipande chochote cha kioo, pazia halijali. Angalieni msichanganye na Crown Graphic. Zinafanana kama mapacha, lakini Crown haina pazia.

Mjomba wangu anaishi Rochester, mji uleule. Si mpiga picha, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na siku zake za mapumziko huzunguka kwenye minada ya vitu vya majumbani. Nilimwomba aniangalizie moja. Akakuta mbili kwenye nyumba moja, akazichukua zote, na Desemba akatua nazo, kila moja imefungwa ndani ya suruali ya jinzi. Makubaliano yalikuwa wazi: moja yangu, nyingine kuna kijana Nairobi ameshaahidi kuinunua, na pesa yake ndiyo itakayonunua filamu. Nilipewa wiki tatu.

"Ipi nzuri?" nilimuuliza Mjomba.

"Chagua wewe, mama. Mimi nimebeba masanduku mawili tu."

Ya zamani ni toleo liitwalo Anniversary, la miaka ya 1940. Yangu ni ya wakati wa vita, maana sehemu za chuma zimepakwa rangi nyeusi badala ya kung'arishwa. Ya pili ni Pacemaker, toleo lililoanza 1947, na hii ilikuwa na mgongo wa Graflok, sehemu ya nyuma inayokubali vibebeo tofauti vya filamu, kwa hiyo huenda si ya kabla ya 1949. Kwa hesabu ya dunia zote ni vikongwe. Lakini kati yao kuna mabadiliko mengi kuliko nilivyodhani, na siku ya kwanza moyo wangu ulikwenda kwa mpya moja kwa moja, sitaficha.

Kwanza, Pacemaker ni nyepesi kutumia. Kwenye Anniversary kasi za pazia unazitafuta kwenye jedwali lililobandikwa ubavuni: upana wa mianya aina 4, nguvu za springi 6, jumla michanganyiko 24. Unasoma jedwali, unazungusha ufunguo wa pazia, unazungusha ufunguo wa springi, unasoma tena kuhakikisha. Pacemaker walipunguza yote hayo yakabaki machaguo 6. Pili, mbao ya mbele inayobeba lenzi inaweza kuinamishwa, jambo ambalo Anniversary haina kabisa. Tatu, reli za lenzi zinaendelea mpaka ndani ya sanduku na zinasogea pamoja, kwa hiyo lenzi fupi, za milimita 90 kwa mfano, zinakaa bila mateso. Nne, na hili ndilo lililonitamanisha zaidi, Graflok. Unaling'oa fremu la kioo chenye ukungu, kile unachoangalizia picha kabla ya kupiga, unaweka kibebeo cha filamu ya 120, ile ya mkanda, unabana kwa vyuma viwili vya kuteleza, basi. Kwenye Anniversary kuna mgongo wa springi tu, unachomeka holda, yaani kibebeo cha filamu ya karatasi, chini ya kioo na hakuna la ziada. Mtu anayehesabu kila karatasi ya filamu kama mimi, kuweza kujifunzia kwenye 120 si jambo dogo.

Kwa hiyo wiki ya kwanza nilikuwa nimeshaamua. Pacemaker inabaki Tanga. Nikaanza kuitafutia Tessar makao.

Hapo ndipo nilipokwama. Pacemaker inapokea kibao cha lenzi cha chuma chepesi, kingo zake zimekunjwa ili zizibe mwanga. Nilikuwa nacho kimoja tu, kimeshikilia lenzi iliyokuja nayo, Optar ya milimita 135. Nikampelekea fundi wa kuchomelea bati atengeneze kingine. Alijitahidi, Mungu ambariki, alikunja mara tatu. Nilipokiweka na kumulika tochi ndani ya sanduku gizani, mstari wa mwanga ulionekana pembeni kama chini ya mlango. Kibao cha namna ile kinahitaji mashine iliyokitengeneza.

Anniversary inatumia kibao cha mbao, mraba wa inchi 4 kwa 4. Nikakibeba kile cha zamani mpaka kwa mzee mmoja seremala, mtaa wa nyuma yetu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini, kigae?"

Nikamweleza. Akakigeuza mkononi, akapitisha ukucha kwenye kingo, akakileta karibu na jicho, halafu akainuka kwenda kutafuta kwenye masalio yake. Alirudi na kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda cha mtu. Akakipima kwa kile cha zamani bila rula, akapiga randa, akatoboa katikati, tundu akalimalizia kwa tupa huku akijaribisha ile ringi ya shaba ya lenzi kila baada ya mikwaruzo michache. Ringi niliiokoa kwenye kamera ya Baba, ndiyo sehemu pekee ambayo mchwa walishindwa. Skrubu tatu. Haikuchukua saa nzima. Nilimulika tochi: giza totoro.

Nadhani hapo ndipo mtu anayeishi mbali na maduka ya kamera anapaswa kuanzia. Kitu kikiharibika, nani ataweza kukitengeneza kwa mikono aliyonayo? Toleo jipya limeundwa vizuri zaidi, lakini limeundwa kwa watu wenye kiwanda jirani. La zamani limeundwa kwa mbao, ngozi na kitambaa, na Tanga hatujawahi kukosa seremala, mshona viatu wala fundi cherehani.

Hata hivyo kibao peke yake kisingetosha kunigeuza. Kilichonigeuza ni Bibi.

Bibi wa nyumba ya pili amevuka miaka themanini. Asubuhi hukaa chumbani kwake karibu na dirisha, juu ya mkeka, anasuka ukili. Nilitaka picha yake ya kwanza iwe kwa lenzi ya Baba, kwa sababu Baba alimpiga picha siku ya ndoa yake. Saa nne asubuhi, kwa filamu nyeusi na nyeupe ya HP5, yenye wepesi wa 400, mwanga wa dirisha lile ulitaka f/4.5 kwa sehemu ya 8 ya sekunde. Sasa angalia. Pazia la Pacemaker linaanzia sehemu ya 30. Chini ya hapo kuna T tu, yaani pazia linabaki wazi mpaka ulifunge mwenyewe. Sehemu ya 30 ingeninyima mwanga stopu mbili nzima, yaani ningebaki na kama robo yake, na kivuli cha upande wa pili wa uso wake kingekuwa lami. Ningeweza kubana tundu la lenzi mpaka karibu f/13, nikafungua pazia na kuhesabu sekunde moja kama Baba. Lakini mtu wa umri wake akiambiwa atulie sekunde nzima, anakaza uso na kuacha kupumua, na mimi sikuwa nataka uso unaosubiri.

Pazia la Anniversary linakwenda polepole mpaka sehemu ya 10. Mwanya mpana, wa inchi moja na nusu, na springi kwenye namba 1. Walipoifanya Pacemaker rahisi waliziondoa kasi hizi za chini, na naelewa kwa nini. Mwaka 1947 lenzi karibu zote zilizouzwa nayo zilikuwa na shata zake zenye kasi za polepole, pazia likabaki kwa ajili ya vitu vinavyokimbia. Mwandishi wa michezo hakuhitaji sehemu ya 10. Mimi ndiyo ninayoihitaji kila siku.

Utaniuliza, mbona nisitumie ile Optar, ina shata yake? Nilijaribu. Kasi za chini zilikwama, gia zimekauka mafuta, na fundi saa niliyempelekea aliifungua, akaiangalia, akaifunga kwa heshima. Halafu milimita 135 kwa uso wa karibu inavuta pua mbele. Na isingekuwa lenzi ya Baba.

Springi ya miaka themanini haisemi kweli, kwa hiyo niliipima. Simu yangu inarekodi fremu 240 kwa sekunde. Unaweka taa mbele ya kamera, simu nyuma, unaliachia pazia, kisha unahesabu fremu ambazo mwanga unaonekana kwenye nukta moja. Sehemu ya 10 ingetakiwa kutoa fremu 24. Nilipata 31. Nikarudia mara tano: 31, 30, 31, 32, 31. Yaani sehemu ya 10 yake ni sehemu ya 8, na inarudi palepale kila mara. Pacemaker kwenye sehemu ya 30 ilitoa fremu 9 badala ya 8, karibu sahihi kabisa. Kwa usahihi mpya inashinda. Lakini kwangu kosa linalojirudia vilevile si kosa, naliandika kwenye daftari na kulifuata.

Jambo moja kwa anayeanza, na linahusu matoleo yote mawili, kwa sababu liliniharibia picha ya kwanza ya Bibi. Pazia hili linapovutwa kwenda juu halijifuniki. Mwanya unapita mbele ya filamu wakati wa kuvuta kama unavyopita wakati wa kushuka. Na lenzi isiyo na shata iko wazi muda wote. Mpangilio ni huu: pazia wazi, fokasi kwenye kioo, funga pazia, vuta ufunguo mpaka mwanya unaoutaka, ndipo uchomeke holda, ndipo utoe kifuniko cha holda, ndipo ubonyeze. Mimi nilitoa kifuniko cha holda kwanza, kisha nikakumbuka sijavuta pazia, nikavuta. Karatasi ikala mwanga wote wa chumba. Bibi alikuwa amekaa dakika ishirini bila kulalamika. Jioni negativu ilitoka nyeusi tii. Siku hizi, kabla ya kugusa ufunguo, naweka kifuniko cha Baba mbele ya lenzi, kilekile alichokuwa akivua na kurudisha.

Nilirudi baada ya siku mbili. Safari hii sikumwambia atulie. Nilimwambia aendelee na kazi yake, akaendelea, huku ananisimulia jinsi Baba alivyomlaza mtoto wa watu mezani ili ampige picha. Nilisubiri sentensi iishe, nikabonyeza. Pazia lilishuka kwa kishindo kile cha mlango wa kabati. Akacheka, "Limeanguka?"

Kusafisha filamu hapa kuna shida zake. Dawa inataka nyuzi 20 na maji ya bomba letu mchana ni 29. Naweka chupa za dawa kwenye beseni la barafu ninazonunua kwa mama anayewauzia watoto za ukwaju. Yeye hunitengenezea za maji matupu. Filamu yenyewe haipatikani mjini, inakuja na wasafiri, na nawasihi wote wasiipitishe kwenye zile mashine mpya za CT za kukagua mizigo viwanja vya ndege, miale yake huiharibu. Waombe ikaguliwe kwa mkono.

Negativu ya pili ilitoka na kila kitu nilichokuwa naomba. Uso umetulia, kila mkunjo unasomeka, jicho la upande wa dirisha kali kabisa na sikio limeshaanza kuyeyuka, maana f/4.5 kwenye sentimita 21 haikupi kina zaidi ya hapo. Lakini vidole vimesogea. Kwenye sehemu ya 8 ya sekunde ukili umetulia mwanzo wake, na mwisho wake, pale vidole vilipo, umekuwa mvuke. Unaona kabisa kwamba anasuka. Ningekuwa na sehemu ya 30 na mwanga wa kutosha, vidole vingeganda, na picha ingekuwa ya bibi aliyeshika majani.

Kwa hiyo Pacemaker ilipanda basi la Nairobi. Kijana yule anapiga majengo na barabara kwa lenzi ya 90, na kwa kazi hiyo ningemshauri vilevile: chukua mpya, usifikiri mara mbili. Nilimtahadharisha jambo moja tu ambalo wauzaji hawalisemi. Mbao ya mbele ya Pacemaker inalala kwenda nyuma tu. Anayetaka iiname mbele, ili shamba zima la mkonge liwe kali kuanzia miguuni mpaka chini ya milima ya Usambara, itabidi ashushe kitanda cha kamera, ule ubao wa chini unaobeba reli, au aigeuze mbao nzima kinyume. Ameshaigeuza, ananiambia, na anaridhika.

Graflok bado inaniuma. Wiki iliyopita nilitaka kujaribu rangi kwenye 120 nikashindwa. Na pazia langu lina vitundu viwili vidogo kama vya sindano, nimeviona kwa tochi. Vinahitaji rangi nyeusi ya kitambaa inayonyumbuka, sijapata bado, na mshona viatu wangu amesema nimpe muda.

Bibi nilimpelekea picha yake Ijumaa, baada ya sala. Aliishika mbali, akaileta karibu, akaiangalia mikono kwa muda mrefu kuliko uso. Kisha akaniuliza kama nimebakiza karatasi, kwa sababu dada yake wa Pangani anakuja mwisho wa mwezi. Kwenye boksi la 25 zimebaki 7. Nimemwekea mbili.